Kabla ya Kabureta, Fungua Distributa

Leo nazungumza na wenye magari ya zamani, hasa nyinyi wa Volkswagen Beetle, maana maswali yenu ndiyo yaliyojaa mezani kwangu. Na malalamiko yanafanana mno. Asubuhi gari linawaka kwa stata moja tu. Linakwenda vizuri mpaka jua likipanda, ukiingia kwenye foleni linaanza kumisi, nguvu zinapungua, kisha linazima katikati ya barabara huku daladala zinakupigia honi. Ukingoja lipoe, linawaka tena. Umeshalipeleka gereji, kabureta ikafunguliwa na kuoshwa, pampu ya mafuta ikabadilishwa, hela imekwisha na gari bado linazima palepale.

Kabureta inasingiziwa mno, wapenzi wangu. Kwenye gari linalotumia pointi, mimi naanzia kwenye distributa kabla sijagusa skrubu yoyote ya kabureta. Sehemu kubwa ya ukaguzi wake haihitaji spea hata moja, na ukiufanya kwa mpangilio utajua kilichoharibika kabla hujatoa pesa.

Usikate tamaa kwa kuambiwa gari lako limepitwa na wakati. Beetle tunaifahamu vizuri Afrika Mashariki: mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa Volkswagen 1200, kwenye barabara za vumbi na matope ya wakati ule. Kiwanda cha mwisho, cha Puebla kule Mexico, kiliacha kuitengeneza Julai 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kutoka duniani kote. Ndiyo maana spea zake bado zinapatikana. Ubora wake ndio unaotofautiana sana, na hilo tutalirudia.

Kwanza ielewe kazi yenyewe, kwa sababu anayeielewa hadanganyiki. Ndani ya distributa kuna pointi mbili za chuma. Zikifungana, umeme wa betri, volti 12 (6 kwa Beetle za zamani zaidi), hupita kwenye koili na kujenga sumaku. Shafti ikizunguka, kemu yake yenye kona nne huzitenganisha pointi, sumaku inaanguka ghafla, na koili inatoa volti elfu kumi na zaidi. Umeme huo unapanda kwenye kifuniko, unapokelewa na rota, na rota inaupeleka kwenye plagi ya silinda ambayo zamu yake imefika. Shafti hiyo inazunguka kwa nusu ya kasi ya injini. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, pointi zinaachana mara 8,000 kwa dakika, zaidi ya mara 130 kila sekunde. Kitu kinachofanya kazi hiyo miaka hamsini ndani ya joto la injini lazima kichakae, na kuchakaa kwake kunapimika.

Kabla hujashika chochote, angalia mipira ya mafuta. Kwenye Beetle pampu ya petroli imekaa jirani kabisa na distributa, na mpira uliopasuka hapo umeshateketeza magari mengi. Pitisha vidole kwenye kila mpira wa petroli, unuse, na kama umekauka au una nyufa, ubadilishe leo, kabla ya jaribio lolote la cheche. Hili sitalipunguzia uzito hata kidogo. Na kama wewe au anayekusaidia ana kifaa cha umeme cha kusaidia mapigo ya moyo, asikaribie waya za plagi injini ikiwa inawaka.

Sasa tuanze. Kosa linalotokea gari likiwa la moto lipimwe gari likiwa la moto. Likizima barabarani, sogea pembeni penye usalama na ufungue boneti ya nyuma hapohapo, usingoje lipoe. Chomoa kwenye kifuniko waya mnene unaotoka katikati ya koili, ushike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, ncha yake iwe milimita sita hivi kutoka kwenye chuma safi cha injini, mbali na kabureta, kisha mwenzako apige stata. Cheche nene ya bluu inayolia inamaanisha koili, pointi na kondensa viko kazini. Hapo tafuta kasoro kwenye kifuniko, rota, waya za plagi au kweli kwenye mafuta. Cheche nyembamba ya manjano, au kukosekana kwa cheche, kunakurudisha kwenye pointi, kondensa, koili na waya zinazoleta umeme. Jaribio hili la dakika mbili linakuondolea nusu ya mambo ya kutafuta.

Kama cheche ni dhaifu, chukua mita ya umeme, ile ya bei ndogo inatosha. Koili ina vichwa viwili vidogo: namba 15 inapokea umeme kutoka kwenye swichi, namba 1 inakwenda kwenye distributa. Zungusha injini mpaka pointi zifungane, washa swichi, upime. Namba 15 isome karibu sawa na betri. Ukikuta volti 9 badala ya 12, umeme unapotea njiani, na kwenye Beetle njia hiyo ni ndefu, kutoka swichi ya mbele hadi injini ya nyuma. Namba 1 nayo, pointi zikiwa zimefungana, isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, pointi zina uchafu au ethi ya distributa ni mbovu. Ukimaliza kupima, zima swichi mara moja. Kuiacha imewashwa huku injini haizunguki kunaunguza pointi na koili, na watu wengi huua koili mpya kwa namna hiyo wakiwa wanatafuta tatizo lingine.

Tuingie ndani. Achia vibanio viwili, inua kifuniko, ukigeuze kwenye mwanga. Angalia kaboni ndogo ya katikati, ile inayobonyea kwa springi: ipo, inarudi? Tafuta mistari myeusi myembamba kama nywele kati ya vichwa vya ndani. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichimbia, na kukifuta hakusaidii kitu, nunua kingine. Msimu wa mvua, na kwa nyinyi mnaokaa pwani, unyevu tu unatosha kulizuia gari lisiwake, hivyo kikaushe kwa kitambaa safi kabla ya kuhukumu. Rota nayo iwe imebana vizuri juu ya shafti na isiwe na ufa. Usiku, injini ikiwaka gizani, waya za plagi zinazovuja umeme utaziona zikimetameta.

Waya ukizichomoa, ziweke alama. Mpangilio wa Beetle ni 1-4-3-2, rota ikizunguka kwa upande wa mishale ya saa, na mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa distributa unaonyesha mahali pa silinda ya kwanza. Ukipishanisha waya mbili, gari litapiga mashuti kwenye ekzozi nawe utadhani umeharibu injini.

Sasa kondensa, kile kimkebe kidogo kilichofungwa kwa skrubu ubavuni. Huyu ndiye ninayemshuku kwanza kwa gari linalozima likipata moto. Kazi yake ni kumeza umeme pointi zinapoachana ili zisiungue, na kuisaidia sumaku ya koili ianguke haraka. Kikianza kufa, cheche inakuwa ya manjano, na ukitazama pointi unaziona zimeungua, upande mmoja una kishimo na mwingine una kichuguu. Shida ni kwamba kondensa hufaulu kikiwa baridi na kushindwa kikiwa cha moto, na mita ya kawaida hukipima kwa umeme mdogo mno, kwa hiyo inaweza kusema ni kizima wakati si kizima. Dawa ni kujaribu kwa kingine. Tenga waya wa kile cha zamani, chukua kondensa ya gari lolote la pointi, ya Datsun au Peugeot, waya wake uweke kwenye namba 1 ya koili na mwili wake ufunge kwenye chuma cha injini. Gari likiacha kuzima, umepata jibu kwa pesa kidogo. Nawashauri mbebe moja ya akiba ndani ya gari siku zote. Nyingi zinazouzwa sasa ni dhaifu tangu dukani, hivyo ukipata ya zamani ya Bosch iliyo nzima, itunze.

Pointi zenye uchafu zisuguliwe kwa tupa ndogo laini, si kwa msasa, kwa sababu chembe za msasa hujichomeka kwenye chuma na kuleta tatizo jipya. Halafu pitisha karatasi safi yenye spiriti. Hata pointi mpya zina mafuta ya kiwandani, zifute kabla ya kufunga. Nafasi kati ya pointi ni milimita 0.4, ipimwe kwa fila geji pale kona ya kemu inapozitenganisha kabisa. Mkiwa na kipimo cha dweli, yaani nyuzi ambazo pointi hukaa zimefungana, Beetle inataka kati ya 44 na 50. Paka grisi kidogo mno, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, pale plastiki ya pointi inaposugua kemu, na matone mawili ya oili kwenye kipande cha felti chini ya rota kama kipo. Grisi ikizidi hurushwa kwenye pointi na kazi yote inaharibika.

Angalia pia kijiwaya chembamba kilichosokotwa kinachounganisha sahani ya pointi na mwili wa distributa. Kwenye distributa zenye vakyumu (kikopo kinachotumia mnyonyo wa injini kuiwahisha cheche), sahani inacheza kila unapokanyaga mafuta, na kijiwaya hicho hukatika ndani ya ganda lake huku nje kinaonekana kizima. Gari linawaka, ukikanyaga linakata. Kivute taratibu kwa kibano. Na waya wa pointi unapopita ukutani, hakikisha haujachunika ukagusa chuma.

Nakuja kwenye ugonjwa unaowasumbua wengi bila wao kuujua: shafti iliyolegea. Shika juu ya shafti, pale rota inapokaa, uisukume kulia na kushoto. Ikicheza, bushi zinazoishika zimeliwa. Maana yake ni kwamba kila kona ya kemu inazifungua pointi kwa nafasi tofauti, wakati mwingine 0.4, wakati mwingine 0.3, na wewe unaweza kubadilisha pointi kila mwezi bila gari kutulia. Silensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inayumba, kipimo cha dweli kinarukaruka, taimingi haishikiki. Hapo pesa ya pointi mpya ni hasara. Distributa itoke nje.

Kuitoa ni rahisi, ila kuna mtego. Zungusha injini mpaka rota itazame ule mkwaruzo wa silinda ya kwanza, piga picha kwa simu, kisha legeza nati ya milimita 13 inayoshika kola kwenye injini. Kola yenyewe iache imebana distributa ili usipoteze taimingi. Ivute juu taratibu. Chini yake kuna springi ndogo inayokaa kwenye kichwa cha gia. Itoe kwa sumaku uihifadhi, maana ikidondoka ndani ya injini umejitafutia balaa. Gia yenyewe usiivute kabisa, kuna washa chini yake. Ziba tundu kwa kitambaa safi.

Mezani, weka alama kati ya rota na meno ya chini ya shafti kabla ya kugonga pini inayoyashika. Meno hayo hayako katikati, yamekaa upande mmoja makusudi ili distributa iingie kwa namna moja tu. Ukiyarudisha kinyume, rota itatazama upande wa pili na gari halitawaka. Ndani kuna vyuma viwili vya uzito na springi zake, vinavyoiwahisha cheche kasi ikipanda. Osha kwa petroli nje penye hewa, kausha, weka oili nyepesi. Springi usizivute wala kuzipishanisha, huenda hazilingani na ndivyo zilivyotakiwa. Hata kabla ya kufungua, ungeweza kujua kama zinafanya kazi: zungusha rota kidogo kwa mkono kuelekea upande wake wa kuzunguka, uiachie, inatakiwa irudi yenyewe. Isiporudi, uchafu umeikamata. Na vakyumu nayo nyonya mpira wake kwa mdomo: sahani isogee na ibaki hapo ukiziba kwa ulimi. Ikirudi polepole, diaframu imetoboka.

Bushi mpya si lazima zitoke Ujerumani. Fundi mzuri wa lathe anakuchongea za shaba nyeusi, ila shafti apewe mkononi apime mwenyewe, na bushi zilowekwe kwenye oili kabla ya kuingizwa. Kama shafti nayo imeliwa, tafuta distributa nyingine ya kuchanganyia. Na nawaomba sana, mtu asipige tupa kona za kemu akidai anazisawazisha. Distributa kadhaa za kiwandani zilichelewesha cheche ya silinda ya tatu kwa nyuzi chache makusudi, kwa sababu silinda hiyo hupata joto kuliko wenzake.

Ukiirudisha, nafasi ya pointi kwanza, taimingi baadaye, kwa sababu ukigusa ya kwanza ya pili inabadilika. Linganisha alama ya puli na mstari unaogawa injini, rota ikitazama silinda ya kwanza. Alama gani? Inategemea namba iliyogongwa ubavuni mwa distributa yako. Nyingi za miaka ya 60 zilitaka nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, lakini baadhi za kuanzia 1971 zilitaka nyuzi 5 baada yake, kwa hiyo tafuta namba yako kabla ya kukubali jibu la mtu. Unganisha balbu ya volti sawa na betri yako kati ya namba 1 ya koili na ethi, washa swichi, legeza kola. Geuza distributa kwa upande wa mishale ya saa mpaka balbu izime, kisha irudishe kinyume polepole. Pale inapowaka tu, simama, kaza. Pointi mpya zikishatembea kilomita mia chache, pima tena, maana plastiki yake hulika mwanzoni na nafasi hupungua.

Mtashauriwa mtupe hiyo yenye vakyumu na kununua ile inayoitwa 009, eti ndiyo ya mbio. Mimi sikubali. 009 haina vakyumu. Inawahisha cheche kwa kasi pekee, na kwa kabureta ya kawaida ya Beetle utasikia gari likisita kila unapokanyaga mafuta kuondoka. Halafu utarudi kuilaumu kabureta! Nyingi zinazouzwa leo kwa jina hilo ni nakala zenye shafti iliyolegea tangu kwenye boksi. Moduli ya kielektroniki inayochukua nafasi ya pointi ni jambo jingine, naiunga mkono kwa wanaoendesha kila siku, mradi koili yako ina ukinzani unaotakiwa na moduli hiyo, ohmu 3 hivi kwa za volti 12, na mradi usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima. Ila pointi na kondensa vibaki kwenye buti, kwa sababu moduli ikifa Korogwe au Voi hakuna wa kukutengenezea.

Na sasa neno kwa wadogo zangu wa kike, ambao mara nyingi mkifika gereji fundi anaongea na kaka aliyewasindikiza. Fikeni na karatasi. Andikeni: cheche ya koili likiwa la moto ilikuwa rangi gani, volti za namba 15 na namba 1, nafasi ya pointi, shafti inacheza au haichezi. Fundi mzuri atafurahi, maana umempunguzia kazi. Anayekasirika kwa kuulizwa, ondoeni gari lenu kwake. Badilisheni kitu kimoja, mwendeshe, kisha kingine. Vikibadilishwa vitano kwa mpigo, hakuna atakayejua kipi kilikuwa kibovu. Spea iliyotolewa ombeni mrudishiwe.

Na distributa ya asili yenye jina la Bosch ubavuni, hata kama imelegea, hata kama umeshanunua mpya, usiiache gereji wala usiiuze chuma chakavu. Hiyo inatengenezeka. Ichukue, irudi nyumbani na wewe.